Kurejesha mfumo baada ya janga: maana yake pale programu ina matabaka

Umefika dirishani, karani anatazama skrini, kisha anakuambia: "Samahani, mtandao unasumbua." Pengine mtandao hauna kosa lolote. Nyuma ya skrini ile kuna mashine nyingi zinazotegemeana, na ikianguka moja yenye wajibu mkubwa, zilizobaki huwaka bure.

Programu nyingi za biashara zimejengwa kwa matabaka matatu. La kwanza ni la wavuti: linapokea maombi na kuonyesha kurasa. La pili ni la programu yenyewe, linalojua kanuni za kazi, kama vile riba inavyohesabiwa na nani ana ruhusa ya kuidhinisha mkopo. La tatu ni hifadhidata, ambamo salio la kila mteja limeandikwa. Kila tabaka huendeshwa na seva kadhaa zilizofungwa pamoja kuwa klasta, ili moja ikizima nyingine ipokee kazi.

Mpango wa kurejesha mfumo baada ya janga ni maelezo yaliyoandikwa, na yaliyokwisha kujaribiwa, ya namna matabaka hayo yote yatakavyofufuliwa mahali pengine endapo pale yalipo pamepotea. Watu wengi huuchanganya na klasta. "Sisi tuna seva tatu," mtu atakuambia, akiamini swali limejibiwa. Klasta inakukinga seva moja ikifa. Jengo likiungua, seva zote tatu zinaungua pamoja. Na mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya, klasta itanakili ufutaji huo kwa uaminifu kwenye seva zote, ndani ya sekunde chache.

Moto si mfano wa kubuni. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea. Jengo la SBG2, lenye orofa tano, liliangamia, sehemu ya jengo jirani ikaharibika, na umeme wa eneo zima ukazimwa. Wapo wateja waliokuwa na nakala rudufu, ila nakala zenyewe zilikaa katika eneo lilelile. Kwao hasara ikawa ya moja kwa moja.

Mpango huanza na namba mbili ambazo wenye biashara, si mafundi, ndio wa kuzitaja. Ya kwanza mafundi huiita RTO: tunaweza kukaa muda gani bila mfumo? Ya pili ni RPO: tunakubali kupoteza kazi ya muda gani? Ukichukua bekapu kila saa nane usiku na janga likatokea saa kumi jioni, miamala ya saa kumi na nne imekwenda. Wenye biashara wakisema hilo halikubaliki, basi bekapu ya usiku haitoshi, lazima data inakiliwe kituo cha pili mchana kutwa. Hilo lina gharama, na ni haki yao kuijua mapema.

Ugumu wa programu ya matabaka ni kwamba haitoshi kila tabaka kurudi. Lazima yote yarudi yakiwa na data za wakati uleule. Chukua SACCOS inayohifadhi picha za vitambulisho na mikataba kwenye seva ya mafaili, na orodha ya mikopo kwenye hifadhidata. Hifadhidata inanakiliwa kila dakika, mafaili yananakiliwa usiku tu. Siku ya janga vyote viwili vinarejeshwa salama, bila kosa hata moja kwenye ripoti. Kisha ofisa anafungua mkopo ulioidhinishwa mchana, anabonyeza mkataba, na hakuna kitu. Hifadhidata inakumbuka hati ambayo seva ya mafaili haijawahi kuiona. Kila fundi amefanya kazi yake vizuri, na mfumo kwa ujumla unasema uongo.

Kisa ninachokirudia kila ninapoeleza jambo hili ni cha GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, tarehe 21 Oktoba 2018. Mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa kibovu cha mtandao, na kituo chao kikuu cha data, pwani ya mashariki ya Marekani, kikapoteza mawasiliano kwa sekunde 43. Basi. Lakini programu inayosimamia hifadhidata zao hufanya uamuzi kwa akidi, kama kikao: wajumbe wakitimia idadi, uamuzi unapita hata kama wengine hawapo. Wajumbe, yaani mashine za programu hiyo, waliokuwa nje ya kituo kile walitimiza akidi, wakakihesabu kimepotea, wakahamishia uongozi wa hifadhidata pwani ya magharibi.

Kwa sheria ya klasta, hawakukosea. Tatizo ni kwamba mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache, yaani data mpya zilizoingizwa kwenye hifadhidata, yaliyokuwa hayajavuka, na magharibi tayari yalikuwa yanaingia mengine mapya. Sasa kila upande una kitu ambacho mwenzake hana, na huwezi kuchagua mmoja bila kutupa data za watu. Katika klasta mojawapo yenye kazi nyingi, maandishi yaliyokwama yalikuwa 954. Tena tabaka la programu lilibaki mashariki, huku hifadhidata inayoandikwa iko magharibi, kwa hiyo kila swali lilisafiri kuvuka bara zima na kurudi. Programu haikujengwa kwa safari hiyo, ikashindwa. GitHub waliamua kulinda data kuliko kuharakisha huduma, uamuzi ninaouheshimu sana, na hali ya kawaida ikarudi baada ya saa 24 na dakika 11.

Umbali una hesabu yake, na unaweza kuipiga mwenyewe. Mwanga ndani ya nyaya za faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, kwa hiyo kwenda na kurudi ni karibu milisekunde 4.5, bila kuhesabu vifaa vya njiani. Inaonekana ndogo. Lakini skrini moja ya programu ya zamani inaweza kuiuliza hifadhidata mara 200, swali baada ya swali, na hapo umeongeza karibu sekunde nzima kila karani anapobonyeza. Ndiyo maana hifadhidata na tabaka la programu huhama pamoja, au hazihami kabisa.

Kuna na mpangilio wa kuwasha. Katika zoezi moja nililoshiriki, tulihamia kituo cha akiba na ndani ya saa moja kila seva iliwaka kijani: wavuti, programu, hifadhidata. Tulianza kupongezana. Dada mmoja wa kitengo cha mikopo, aliyeitwa kuja kujaribu, akaingiza nywila yake mara tatu, akageuka akatuuliza: "Sasa mimi naingiaje?" Seva inayothibitisha majina na nywila ilikuwa imebaki kule tulikojifanya kumeungua. Haikuwa kwenye orodha ya tabaka lolote, kwa sababu kila mtu alidhani ni ya mwingine.

Tangu siku ile orodha yetu huanza na vitu visivyo na mwenyewe: seva ya majina ya mtandao, seva ya utambulisho, saa ya pamoja ya mashine, vyeti vya usalama na tarehe zake za kuisha. Halafu hifadhidata, halafu programu, wavuti mwisho. Pia tuliacha kuhesabu taa za kijani. Zoezi huhesabiwa limekamilika pale karani anapoingia kwa jina lake mwenyewe, anapokea rejesho la majaribio, anachapisha risiti, na tunaiweka mezani kando ya risiti ya mwisho iliyotoka kituo kikuu. Namba za risiti zikifuatana bila kuruka, ndipo tunapoandika saa ya kumaliza.