T ya TT si transfoma

Juzi nimemsikia tena fundi akimweleza mwenye nyumba kwamba ethi ya TT ni "transfoma kwa transfoma" na ya TN ni "transfoma na nyutro". Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa, akalipa. Mara ya kwanza nilicheka. Hii nadhani ni ya tano.

Mfumo wa ethi ni namna vitu viwili vinavyofungwa na ardhi: chanzo cha umeme, ambacho kwetu wengi ni transfoma ya mtaani, na miili ya chuma ya vyombo vya ndani kama friji, pasi na hita ya maji. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataja aina tatu, TT, TN na IT, na TN ina matawi yake: TN-S, TN-C na TN-C-S. Basi, maana ndiyo hiyo.

Sasa herufi zenyewe. Ni za Kifaransa. T ni *terre*, yaani ardhi, udongo huuhuu tunaoukanyaga. N ni *neutre*, nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye transfoma. I ni *isolé*, kilichotengwa. Herufi ya kwanza inazungumzia upande wa transfoma, ya pili upande wa nyumba. Kwa hiyo TT inasomeka hivi: transfoma imefungwa kwenye udongo wa kwake, nyumba nayo imefungwa kwenye udongo wa kwake, na hakuna waya wa ethi kati yao. TN: transfoma imefungwa ardhini, lakini vyombo vya nyumbani vinarudishwa kwa waya hadi kwenye nyutro ya transfoma hiyo. Herufi za mkiani zinasema tu kama nyutro na ethi zimetengwa njia nzima (S), zimetumia waya mmoja (C), au zimekuja pamoja hadi mlangoni kisha zikaachana (C-S). Wafaransa wenyewe, waliotuachia herufi hizi, majumbani mwao hutumia TT.

Hapa ndipo neno letu linapotuponza. Tumezoea kuuita ule waya wa kijani na njano "waya wa ardhi", na neno ardhi tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako mafundi hadi leo huita kazi hii *taaridh*, mzizi uleule. Jina zuri, ila linamfanya mtu aamini kwamba umeme uliovuja "unamwagwa" ardhini na kupotea, kama maji ya kufulia. Umeme haumwagwi. Unatafuta njia ya kurudi transfoma ulikotoka, na swali ni moja tu: unarudi kwa waya au kwa udongo?

Tuseme waya wa moto umechubuka ndani ya friji na kugusa bati lake. Kwenye TN-S njia yote ya kurudi ni waya, ukinzani wake labda nusu omu. Volti 230 kugawa kwa nusu omu ni ampia 460. Breka ya ampia 32 inakatika kabla hujapepesa jicho.

Kwenye TT njia inapita udongoni. Fimbo yako ya shaba iliyochomekwa ardhini ina omu 20, ya transfoma ina omu 10, na hizo ni fimbo nzuri. Jumla 30. Volti 230 kugawa kwa 30 ni ampia 7.7 tu. Breka ya ampia 32 haina habari. Bati la friji linabaki na volti zipatazo 153, likimsubiri mtoto anayekuja kuchukua maji ya baridi, na mita inaendelea kula yuniti kama vile kuna pasi imesahauliwa. Ndiyo maana nyumba ya TT bila ile swichi ya RCD ya miliampia 30, inayokata umeme ikihisi hata kidogo unavuja, ni nyumba isiyo na kinga, hata fimbo iwe ndefu kama mnazi. (Kitufe kilichoandikwa T juu ya RCD ni cha kuijaribu. Hiyo T nayo si transfoma, wala si *terre*.)

Na ile desturi ya kuchimba shimo, kumwaga chumvi na mkaa, kisha kumwagilia maji kiangazi? Inashusha ukinzani kweli, kwa muda. Mvua ikija inaosha chumvi, na chumvi iliyobaki inaila fimbo. Lakini hata ukitoka omu 100 ukafika 20, umeshaona hesabu ya 20.

TN-C-S ina ubaya wa aina nyingine. Nyutro ikikatika huko barabarani, kabla haijagawanyika, kila chuma kilichofungwa ethi ndani ya nyumba kinaweza kuwa na umeme ingawa hakuna chombo kibovu hata kimoja. IT, ambayo chanzo chake kimetengwa na ardhi, huenda hutakutana nayo isipokuwa kwenye vyumba vya upasuaji, ambako hitilafu ya kwanza hupiga kengele badala ya kukata umeme juu ya mgonjwa aliyefunguliwa tumbo. Norwei wana mitaa mizima ya IT, lakini hao wana mambo yao.

Kwa hiyo fimbo iliyochomekwa chini ya mita haikwambii nyumba ni ya mfumo gani. TT ina fimbo, na TN-C-S nayo mara nyingi utaikuta na fimbo. Lazima mtu afungue meni swichi aone kama ethi na nyutro zimeungana upande wa njia inayoingia, kisha apime.

Fundi wangu wa juzi simlaumu sana, herufi hizi hazikutungwa kwa lugha yake. Ningemwomba tu ule waya wa kijani na njano auite waya wa kinga, kama vitabu vinavyouita. Akishauita hivyo, mwenye nyumba atamuuliza kinga hiyo inarudi transfoma kwa njia gani, naye itabidi afungue boksi aangalie.