Wati Hazikwambii Litakaa Saa Ngapi

"Fundi, boksi hili la betri ni la wati 1000, si litavusha friji mpaka asubuhi umeme ukikatika?" Swali hili naulizwa Njiro, naulizwa Sakina, naulizwa kwa simu na watu wa Moshi, na karibu kila mara muulizaji ameshalipa. Leo naandikia wale ambao pesa bado iko mfukoni.

Wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa mbele ya pawa stesheni, yaani hilo boksi la betri lenye soketi zake, zinakueleza jambo moja: mzigo ambao boksi linaweza kuubeba kwa wakati mmoja. Muda haumo humo. Muda umo kwenye wati-saa, zile Wh, ambazo mara nyingi zimeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni au chini ya boksi. Boksi la wati 1000 lenye Wh 500 ukiliwekea pasi ya wati 1000, nusu saa halifiki. Halina ubovu wowote. Ndivyo lilivyo.

Kinachoniudhi ni kwamba sisi hatuna sababu ya kuchanganya hili, kwa kuwa wati-saa tunazinunua kila tunapoweka LUKU. Yuniti moja ni wati-saa 1000. Boksi la Wh 500 limebeba nusu yuniti. Nusu yuniti, ambayo kwa mteja wa kawaida wa nyumbani haifiki shilingi mia mbili! Unalipa laki kadhaa, pengine milioni na zaidi, ili hiyo nusu yuniti iwepo TANESCO wanapokata. Inaweza kuwa pesa iliyotumika vizuri kabisa, ila ujue umenunua nini. Kwa hiyo ukifika dukani usiulize "wati ngapi" kwanza. Uliza limebeba yuniti ngapi, na muuzaji akishindwa kujibu, geuza boksi usome mwenyewe.

Na mahitaji yako unaweza kuyapima bila kumwita fundi. Usiku mmoja zima kila kitu isipokuwa friji. Soma salio la mita saa mbili usiku, soma tena saa mbili asubuhi. Tofauti ndiyo unayotakiwa kuibeba. Nyumba nyingi zikifanya hivyo zinagundua kwamba friji peke yake kwa usiku mmoja inamaliza boksi dogo lote na bado inadai.

Kuna na hesabu ya mAh. Ukiona "mAh 80,000" usipagawe. Namba hiyo huhesabiwa kwa volti za seli moja, kwa kawaida 3.7. Gawanya 80,000 kwa 1000, zidisha kwa 3.7, ni kama Wh 296. Wapo wanaoizidisha kwa volti 12 wakapata Wh 960 na kurudi nyumbani wakifurahi. Boksi lisiloandikwa Wh popote, liache hapo hapo.

Sasa niende kwenye jambo ambalo hata mafundi wenzangu wanalipita haraka, nalo ndilo linalowaumiza watu wenye mizigo midogo. Tuseme boksi lako lina Wh 500 na unataka kuwasha ruta ya wati 10 tu, uendelee na kazi umeme ukikatika. Kalamu na karatasi: 500 gawanya kwa 10, saa 50. Siku mbili! Unabonyeza kitufe cha AC, yaani umeme kama wa soketi za ukutani, unachomeka adapta ya ruta, unalala. Kesho yake mchana boksi limekata, nawe unanipigia simu kwamba umeuziwa feki.

Hukuuziwa feki. Ulipobonyeza kitufe cha AC uliwasha inveta, kile kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa betri (DC) kuwa AC, na inveta inakula umeme hata kama hujachomeka kitu. Nyingi nilizopima zinakula kati ya wati 10 na 20 zikiwa zimekaa tu. Ruta inakula 10, inveta inakula 15, jumla 25, na boksi zima linatoa kama Wh 450 baada ya upotevu. Hapo ni saa 18. Zaidi ya nusu ya umeme wako umekwenda kwenye inveta, si kwenye ruta. Halafu angalia ujinga wa njia yenyewe: betri ni DC, inveta inaigeuza kuwa AC ya volti 230, adapta inairudisha kuwa DC ya volti 12, na kila mgeuzo unakata chake.

Tumia tundu la DC. Kama adapta ya ruta yako imeandikwa volti 12, tafuta waya wa kutoka tundu la 12 la boksi moja kwa moja hadi kwenye ruta, kitufe cha AC kikiwa kimezimwa, nawe utazipita saa 40. Soma adapta kwanza, maana zipo ruta za volti 9 na za volti 5, na angalia chanya na hasi ziko upande gani. Simu chaji kwa USB. Laptopu inayokubali USB-C ichaji hapo hapo. AC iachie friji na televisheni. Tena maboksi mengine hujizima upande wa AC yakiona mzigo ni mdogo mno, kwa hiyo ruta inaweza kukatika usiku hata betri ikiwa imejaa nusu. Pima kwa ruta yako kabla hujaitegemea.

Ulaji huu wa inveta hauandikwi kwenye boksi, na mara nyingi hata kwenye kijitabu haumo. Kwa mizigo mikubwa nakata asilimia 15 na hesabu inakaa vizuri. Kwa mizigo midogo sina kanuni ninayoiamini, nachomeka na kupima.

Friji siwezi kukuahidi saa, na anayekuahidi hajaiona friji yako. Inategemea joto la jikoni, raba ya mlango, na watoto. Ninachojua ni kwamba kompresa ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, hivyo boksi la wati 300 linaweza kukataa friji ya wati 100. Inveta iwe ya wimbi laini kama la TANESCO. Na friji isipofunguliwa inakaa na ubaridi kwa muda wa kama saa nne, kwa hiyo umeme ukikatika jioni huna haja ya kukimbilia boksi mara moja. Birika la umeme la wati 2000 sahau. Chemsha chai kwa gesi.

Ndugu waliotumiwa boksi na jamaa zao Marekani, someni nyuma: yapo yanayotoa volti 120 na hezi 60. Vifaa vyetu ni 230 na 50. Halibadiliki kwa kuweka soketi nyingine.

Hapa natulia kidogo, kwa sababu hapa hesabu mbovu inagusa uhai. Dada mmoja wa Moshi alinipigia: "Kaka, nimemnunulia baba la wati 600, mashine yake ya oksijeni ni wati 350, si tutalala salama?" Lilikuwa la Wh 500. Toa upotevu, gawanya kwa 350: saa moja na dakika kumi hivi. Nilimwambia hivyo bila kupunguza. Boksi kama hilo linakupa nafasi ya kuunganisha mtungi bila kuhaha, basi. Mwenye mgonjwa wa oksijeni awe na mtungi uliojaa ndani ya nyumba, apange na daktari wake, na boksi liwe daraja la kufikia mtungi.

Kuhusu seli, yaani betri zilizo ndani ya boksi: chukua aina ya lithiamu inayoandikwa LiFePO4 kama bei inakuruhusu. Ni nzito zaidi, lakini zinavumilia joto na zinadumu. Ile "mizunguko 3000" ya kujaza na kumaliza iliyoandikwa kwenye katoni siwezi kuithibitisha dukani, na muuzaji naye hawezi. Naiamini kemia, namba naipa nusu sikio. Waongozaji wa Mlima Kilimanjaro, nyinyi mna lenu: lithiamu haichajiwi chini ya sifuri. Kibo Hut iko mita 4,720 na usiku kunaganda. Kuchajia simu za wageni humo ni sawa, ila boksi lenyewe msiliunganishe na paneli ya sola asubuhi kabla halijapata joto.

Paneli ya wati 100 hutoa wati 100 kwenye maabara. Kwenye jua zuri la Arusha tarajia 70 au 80. Julai, wingu likitanda tangu asubuhi na Meru haionekani, unaweza kukaa na 15. Usinunue paneli kwa hesabu ya Januari.

Halafu Desemba. Watu wanapanda na boksi nyumbani Machame, Marangu, Rombo, linatumika sikukuu hadi linaisha, kisha linafungiwa chumbani likiwa tupu mpaka Desemba nyingine. Seli za lithiamu zikikaa tupu miezi hiyo yote zinakufa, na gharama ya kuzibadilisha inakaribia boksi jipya. Liache likiwa kati ya nusu na robo tatu, na kila miezi mitatu aliyebaki nyumbani aliangalie.

Ukilinunua, siku hiyo hiyo lijaze, chomeka taa au feni ambazo jumla yake ni wati 100, andika saa uliyowasha na saa lilipokata. Boksi la Wh 500 lidumu kwa muda wa saa nne au zaidi. Likikata baada ya muda wa saa tatu na nusu au kabla, lirudishe kesho yake ukiwa na risiti ya EFD na karatasi yenye nyakati hizo mbili ulizoandika.