Je, wajua kwa nini maharusi wa Kihindu hupiga hatua saba mbele ya moto?

Waliowahi kualikwa kwenye harusi ya Kihindu hurudi na hadithi za sari, dhahabu na vyakula. Waulize ndoa yenyewe ilifungwa wakati gani, na wengi watataja pale maharusi walipovishana mashada ya maua, au pale bibi harusi alipopakwa unga mwekundu kwenye njia ya nywele. Mashada ni ya kukaribishana, na unga ule ni alama ya mke wa mtu. Ndoa yenyewe hufungwa kwa miguu: hatua saba mbele ya moto, ambazo kwa Kisanskriti huitwa saptapadi.

Hata sheria inalitambua hilo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India, ya mwaka 1955, kinasema kwamba pale ambapo hatua saba ni sehemu ya mila za wahusika, ndoa hukamilika na kuwafunga pindi hatua ya saba inapopigwa. Ya sita bado. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ilipokea shauri la watu wawili waliokuwa na cheti cha ndoa bila kufanya ibada yoyote. Majaji walisema hawa hawakuoana: cheti huthibitisha ndoa iliyokwisha kufungwa, hakiwezi kuifunga. Wakakumbusha pia kwamba ndoa si hafla ya nyimbo, ngoma, kula na kunywa.

Na kwa nini moto? Agni, mungu wa moto, ndiye anayetajwa katika neno la kwanza kabisa la Rigveda, maandiko yenye umri wa miaka 3000 hivi. Yeye huipokea sadaka hapa chini na kuifikisha kwa miungu kwa njia ya moshi. Kwa hiyo kinachosemwa mbele yake kina shahidi.

Mimi hupenda kutazama mikono wakati huo. Bibi harusi huvikinga viganja vyake pamoja, kaka yake akammiminia punje za mchele zilizokaangwa zikafura kama bisi, naye akaziachia motoni huku pandit, yaani kuhani, akisoma kwa Kisanskriti. Punje hulia, samli huwaka, moshi huwaingia machoni. Dua inayoandamana na sadaka hiyo ni ya bibi harusi mwenyewe: mume wangu aishi umri mrefu, na jamaa zangu wastawi. Hajafika kwake, na bado anawaombea alikotoka. Kisha huweka mguu juu ya jiwe na kuambiwa awe imara kama jiwe hilo.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuzunguka moto ni jambo moja, hatua saba ni jingine. Kaskazini mwa India wengi huzunguka mara saba. Wagujarati, ambao ni sehemu kubwa ya Wahindu wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, huzunguka mara nne, kwa ajili ya malengo manne ya maisha: wajibu, riziki, mapenzi na ukombozi wa roho. Hatua saba hufuata baadaye, na katika baadhi ya familia bibi harusi hugusa kwa kidole gumba cha mguu popoo saba zilizopangwa sakafuni. Miongoni mwa Watamil wa tabaka la Brahmin, bwana harusi huinama na kukishika kidole hicho kwa mkono wake, akiusogeza mguu wa mkewe hatua kwa hatua. Mwanamume kuinama hivyo mbele ya wazee wote ni jambo zito.

Kila hatua ina ombi lake: chakula, nguvu, mali, furaha, watoto, kisha majira ya mwaka yaende sawa. Mpangilio hutofautiana kidogo, lakini ya saba haibadiliki. Kwa hatua hiyo mume humwambia mkewe: uwe rafiki yangu. Chakula kimekwisha kuombwa, mali na watoto pia, na kinachoifunga ndoa ni urafiki.

Usiku ukiingia, maharusi huonyeshwa nyota. Moja ni Dhruva, nyota ya kaskazini isiyohama. Nyingine ni Arundhati, mke wa mwonaji Vasishtha: nyota hafifu iliyo ubavuni mwa mumewe, karibu mno hata jicho lisilo kali huziona kama moja. Dhruva haionekani Dar es Salaam wala Mombasa, kwa kuwa miji hiyo iko kusini ya ikweta. Arundhati huonekana. Jioni ya Mei isiyo na mawingu, tazama upande wa kaskazini, na uwe na subira mpaka zile mbili ziachane.