Je, ni halali kununua tiketi ya bahati nasibu kupitia mtu wa kati mtandaoni?

Jibu linategemea swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: ukishalipa, kuna tiketi halisi iliyotoka kwenye mashine ya wakala, au kuna namba tu zinazoonekana kwenye akaunti yako?

Huduma hizi ni za aina mbili, na kurasa zao hufanana kama mapacha. Ya kwanza ni ya utarishi. Unachagua namba, unalipa bei ya tiketi pamoja na ada, kisha kampuni inanunua tiketi kwa wakala aliyeidhinishwa, inaiskani, na kukuwekea picha kwenye akaunti. Karatasi yenyewe inabaki kwenye sefu yao. Aina ya pili haina karatasi kabisa: unabeti kwamba namba fulani zitatoka. Ukishinda, unayemdai ni kampuni hiyo, ambayo kwa zawadi kubwa hutegemea bima. Shirika linalochezesha droo halikujui wala halina deni lako.

Aina hii ya pili ndiyo iliyobanwa zaidi. Uingereza, sheria ya kamari ya 2005 inakataza kubeti matokeo ya Bahati Nasibu ya Taifa, na Aprili 2018 marufuku ikapanuliwa hadi droo za EuroMillions, bahati nasibu ya pamoja ya nchi kadhaa za Ulaya, zinazouzwa nje ya Uingereza. Australia ilifuata Januari 2019. Sababu ni fedha: anayebeti hanunui tiketi, kwa hiyo sehemu inayokwenda kwenye huduma za jamii haipatikani.

Utarishi una mambo mengi zaidi. Marekani, New York inawapa matarishi leseni, ilhali Texas imewafungia mlango. Aprili 2023 kundi moja lilinunua karibu michanganyiko yote ya Lotto Texas, takriban milioni 25.8 kwa dola 1 kila mmoja, likachukua zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 95. Mashine zilizochapa tiketi hizo zilikuwa kwenye maduka, mengine yakiwa na uhusiano na kampuni za utarishi. Februari 2025 tiketi iliyonunuliwa kupitia programu ya utarishi ikashinda dola milioni 83.5. Mwezi huohuo huduma hizo zikapigwa marufuku, na kabla mwaka haujaisha Tume ya Bahati Nasibu ya Texas yenyewe ilikuwa imevunjwa.

Kuvuka mpaka ni suala jingine. Sheria ya shirikisho ya Marekani inazuia biashara ya kumnunulia mtu aliye jimbo moja tiketi ya jimbo jingine. Hata hivyo, mwaka 2015 Oregon ilimlipa mkazi wa Baghdad dola milioni 6.4, kwa tiketi aliyonunuliwa na huduma ya mtandaoni. Tiketi ilikuwa halisi na ilinunuliwa ndani ya Oregon. Lakini malipo hayo hayafanyi ununuzi wako uwe halali: sheria ya unakoishi inabaki palepale, na kwa kawaida mshindi mgeni asiye mkazi hukatwa kodi ya shirikisho ya asilimia 30.

Sasa tazama picha ya tiketi kwa makini. Iwe imefika kabla ya droo, ionyeshe namba ya mfululizo, na tarehe ya droo iwe ile uliyolipia. Soma mkataba: je, unasema tiketi ni yako na wao wameishika kwa niaba yako? Hili ni zito, kwa sababu katika sehemu nyingi tiketi isiyo na saini huhesabiwa kuwa ya aliyeishika. Angalia pia kama wanakata asilimia ya ushindi, na saa yao ya kufunga, ambayo huwa mapema kuliko ya droo. Ukichelewa, dau lako linaweza kusogezwa droo inayofuata.

Usiishie kwenye nembo ya leseni iliyo chini ya ukurasa. Chukua namba yake, uitafute wewe mwenyewe kwenye rejesta ya mdhibiti, kisha usome leseni hiyo ni ya utarishi au ya kubeti. Na akitokea mtu anayetaka umtumie ada kwanza ndipo aachilie ushindi wako, katisha mawasiliano hapo hapo. Huyo ni tapeli.