Linki haikai ndani ya faili

Nimeletewa tena, hapa Kisumu, faili ya .bib, yaani orodha ya marejeleo inayotumiwa na LaTeX (programu ya kupanga maandishi), ambayo mwanafunzi wa uzamili ameijaza \href, amri ya LaTeX ya kutengeneza linki, kila mahali: kwenye title, kwenye url, hata kwenye journal. Utafiti wenyewe ni mzuri, wa gugumaji na omena. Marejeleo ndiyo yamevurugika, na jibu ni lile lile la wote waliomtangulia: "Mwalimu, nilitaka ibofyeke."

Jamani. Faili ya .bib ni maandishi matupu. Haina samawati, haina kitufe. Emacs, edita tunayoifungulia faili, ndiyo inayosoma kila sehemu, ikaona inafanana na ruwaza fulani, ikabandika kitufe kwenye skrini. Ukihifadhi faili, kitufe hakiandikwi popote. Wewe weka data safi. Kubofyeka ni kazi ya programu.

Kwenye bibtex-mode, hali ya Emacs ya kuhariri faili za .bib, kanuni za vitufe hivyo hukaa kwenye kigezo kiitwacho bibtex-generate-url-list: sehemu ipi, ruwaza ipi, anwani ijengwe vipi. Unataka eprint (namba ya makala kwenye arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni) nayo ibofyeke? Ongeza kanuni inayotanguliza https://arxiv.org/abs/. C-c C-l (Ctrl na c, kisha Ctrl na l) hufungua linki bila kipanya. Mengine yako kwenye mwongozo.

Sasa doi, kitambulisho cha kudumu cha makala, maana hapa ndipo ninapokasirika. Kinachotakiwa ni kitambulisho kitupu, kinachoanza na 10. Watu hubandika anwani nzima kutoka kwenye kivinjari. biblatex, kifurushi cha LaTeX kinachopanga marejeleo, nacho hutanguliza https://doi.org/ bila kukuuliza, kwa hiyo linki ya kwenye PDF inaelekea https://doi.org/https://doi.org/10 na kuendelea. Kuna programu zinazovumilia upuuzi huu na kukufungulia makala vizuri tu, ndiyo maana unaniapia kwamba faili haina tatizo.

Halafu \_ ndani ya url. Najua ilikotoka: LaTeX ililalamika kuhusu kistari cha chini, rafiki akakuambia uweke mkwaju wa nyuma. Ukitumia biblatex huhitaji, kwa sababu url na doi husomwa herufi kwa herufi. Ukibofya kwenye edita, mkwaju huo unaweza kusafiri nao hadi kwenye seva, ukarudishiwa 404 (ukurasa haupatikani), kisha unailaumu bando. Kanuni ya edita inaweza kuufuta, ndiyo. Mimi nasema safisha faili, usifundishe edita kufunika uchafu.

Na usitegemee kitambuzi kinachokisia linki kwa sura yake. Makala za Wiley za miaka ya 1990 zina DOI zenye mabano, nukta mkato na alama za < na >. Kitambuzi hufika kwenye < kikakata, ukabaki na nusu ya linki inayobofyeka vizuri kabisa na isiyofika popote. Kanuni inayosema "chukua sehemu ya doi yote" haina shida hiyo.

Title siifanyi kitufe. Emacs, usipoibadilisha, huhesabu mbofyo wa chini ya milisekunde 450 kuwa umefuata linki. Nikitaka kurekebisha neno moja najikuta kwenye kivinjari, PDF nzito inashuka.

Author bado inanitatiza. Majina manne yaliyounganishwa na "and": kitufe kimoja au vinne? Nimeweka kwa kila jina, kinachuja maandiko ya mtu huyo humo humo kwenye faili. Lakini "Otieno, J." na "Otieno, James" wanatokea kama watu wawili, na sijui kama ni kitufe kinachokosea au ni faili.