Umepiga straiki, mbona kisanduku bado kitupu?

Mgeni wa bolingi, mchezo wa kuviringisha mpira uangushe pini, akipiga straiki, yaani akiziangusha zote kwa mtupo mmoja, hugeuka kutazama alama zake, akute pale pa jumla hapana kitu. Huwa namwambia asubiri, hajamaliza kulipwa. Siku hizi mashine inajumlisha yenyewe, lakini nimeshaona skrini ikihesabu pini iliyolala kana kwamba imesimama, na wachezaji wote wakakubali kwa kuwa hakuna aliyeweza kubisha.

Mchezo una fremu 10, yaani zamu 10. Kila fremu una mitupo miwili ya kuangusha pini 10. Ukiangusha 6 halafu 2, andika 8, jumlisha na za nyuma, basi. Mtupo uliotoka kapa huandikwa kistari. Kazi inaanza pale unapozimaliza zote. Ukizimaliza kwa mtupo wa pili, hiyo ni spea, alama yake mkwaju (/): unapata 10 pamoja na pini za mtupo mmoja unaofuata. Ukizimaliza kwa mtupo wa kwanza, hiyo ni straiki, X: unapata 10 pamoja na mitupo miwili inayofuata. Nasema mitupo, si fremu. Wengi wanateleza hapo.

Chukua penseli. Fremu ya kwanza umeangusha 7, kisha 3 zilizobaki. Spea hiyo, usiandike jumla. Ya pili straiki. Sasa ya kwanza imeiva: 10 na 10, andika 20. Ya pili inangoja. Ya tatu umepata 6 na 2, kwa hiyo ya pili ni 10 na 8, yaani 18, jumla 38. Ya tatu yenyewe ni 8, jumla 46.

Fremu ya nne straiki, ya tano straiki, ya sita 9 na kapa. Ya nne inadai mitupo miwili: straiki ya tano, na ile 9. Ni 29, jumla 75. Ya tano inadai 9 na kapa: 19, jumla 94. Ya sita ni 9, jumla 103. Iangalie hiyo 9: imehesabiwa mara tatu. Katika fremu hizo tatu umeangusha pini 29 tu, ila umevuna alama 57. Ndiyo maana straiki zinazofuatana zina thamani kuliko zilizotawanyika.

Fremu ya 10 ndiyo inayozua ubishi. Ukipiga spea unaongezwa mtupo mmoja, straiki miwili, ili fremu ipate cha kujilipia. Mitupo hiyo ya nyongeza haizai nyongeza nyingine. Tuseme ya tisa ni straiki, na ya 10 ni straiki, 8, kisha 1. Ya tisa inachukua straiki na 8: 28. Ya 10 ni 10, 8 na 1: 19. Niliwahi kuirudia ile 8 ndani ya fremu hiyohiyo ya 10, nikamtangaza mshindi asiye mshindi. Nilifuta kwa aibu.

Ukikanyaga mstari wa faulo, ule usiotakiwa kuuvuka unapotupa, pini ulizoangusha hazihesabiwi ila mtupo umetumika. Ikiwa ulikuwa wa kwanza, pini zote husimamishwa upya, na ukiziangusha zote kwa wa pili ni spea, si straiki.

Alama za juu kabisa ni 300: straiki 12 mfululizo, kila fremu 30. Mimi hunivutia zaidi 200 ya kupishanisha, spea, straiki, spea, straiki hadi mwisho, kwa sababu kila fremu inatoka 20 kamili na ukurasa unasomeka kama jedwali la kuzidisha. Safari moja nilifika nayo hadi fremu ya tisa. Nilihitaji spea. Pini namba 10, ile ya pembeni kulia, ikatikisika, ikabaki wima.