Samansi nayo ni mawasiliano ya umma

Ukiniuliza ni maandishi gani yaliyo muhimu kuliko yote yanayotoka kwenye mfumo wa haki jinai wa jiji, sitakutajia hotuba ya meya wala taarifa kwa vyombo vya habari. Nitakutajia samansi, ile karatasi anayokabidhiwa mtu barabarani kwa kosa dogo, mathalani kunywa pombe hadharani, ikimtaka afike mahakamani siku fulani.

New York inaonyesha kwa nini. Katika miaka ya 2010, karibu watu 4 kati ya 10 waliopewa samansi za aina hii hawakufika mahakamani, na asiyefika hutolewa hati ya kukamatwa. Kosa la chupa moja ya bia likawa linaishia kwenye pingu. Ni rahisi kusema watu hao wanadharau mahakama. Ofisi ya Meya ya Haki Jinai, ikishirikiana na watafiti wa ideas42, shirika lisilo la faida linalotumia sayansi ya tabia, na wa Chuo Kikuu cha Chicago, iliamua kwanza kuikagua karatasi yenyewe. Tarehe na mahali pa kufika vikapandishwa juu, kichwa cha karatasi kikaeleza waziwazi kwamba unatakiwa mahakamani, na onyo la kukamatwa likawekwa upande wa mbele. Wasiofika wakapungua kwa asilimia 13. Kisha wakajaribu ujumbe mfupi wa simu, siku 7, siku 3 na siku 1 kabla ya kesi. Ujumbe uliofanya kazi vizuri zaidi ulitaja madhara ya kutofika na kumhimiza mtu apange safari yake. Huo ulipunguza wasiofika kwa asilimia 26. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science. Kilichobadilika ni maandishi na ukumbusho tu.

Kwa hiyo ninapoongoza kitengo cha mawasiliano cha ofisi kama hiyo ya meya, sehemu kubwa ya muda wangu huenda kwenye fomu na barua, na hapo ndipo mabishano makali hutokea. Rasimu inakuja: “Kushindwa kuhudhuria kunaweza kupelekea kutolewa kwa hati ya ukamataji dhidi ya mhusika.” Ninaandika: “Usipofika, hakimu anaweza kuamuru ukamatwe.” Mwanasheria atataka neno “anaweza” libaki, na ana haki, kwa sababu uamuzi ni wa hakimu. Lakini “mhusika” ataondoka. Anayesoma barua ile saa tano usiku, akiwa na hofu, anapaswa kujua kwamba ni yeye anayeambiwa.

Kuhusu waandishi wa habari, jambo la kwanza ambalo msemaji mpya hulielewa kwa taabu ni kwamba ofisi ya namna hii mara nyingi haimwamrishi mtu. New York ina waendesha mashtaka 5 wa kuchaguliwa, mmoja kwa kila eneo la jiji. Mahakama za jinai ziko chini ya jimbo. Polisi wana kamishna wao. Ofisi ya meya inaratibu, inagharimia huduma, inapima matokeo. Hata hivyo simu inapigwa kwako, ukiulizwa kwa nini fulani aliachiwa kwa dhamana. Ukimjibia hakimu, umesema usichokijua na pengine umeharibu kesi.

Simu hiyo hulia zaidi siku ile mbaya, pale mtu aliyekuwa nje akisubiri kesi anapotuhumiwa kwa kosa zito. Kila mtu anadai maelezo, nawe huwezi kumwita mhalifu, wala huwezi kugusa kumbukumbu ambazo sheria imezifunga, hata kama zinakusafisha. Msimamo wangu ni mmoja: hatutoi neno mpaka wanaohudumia waathirika wathibitishe kwamba familia imeshaelezwa. Hakuna muda wa mwisho wa gazeti unaohalalisha mama kuusikia msiba wake redioni.

Takwimu zinakuja baadaye, na zinakuja kamili. Mwaka 2017 New York ilihesabu mauaji 292, mwaka 2018 yakawa 295. Anayeandika “mauaji yaongezeka” hajadanganya, lakini msomaji anastahili kujua pia kwamba mwaka 1990 idadi ilizidi 2,200. Ninatoa vyote viwili pamoja, na sikubali ile ya 1990 itumike kuwanyamazisha wanaoulizia hao 3 walioongezeka. Hao wana ndugu zao.

Haya yote hayaanzishwi siku ya dharura. Idadi ya walioko mahabusu, walioachiwa kusubiri kesi, waliorudi mahakamani na wasiorudi, inatakiwa itoke kila mwezi tarehe ileile, pamoja na maelezo ya namna ilivyohesabiwa. Mwezi ambao namba ni mbaya, meneja mmoja au wawili watapendekeza tusubiri kidogo. Jibu langu ni kwamba tarehe imeshatangazwa, na waandishi watakaopiga simu siku hiyo nitawapokea mimi.